Bakteria wa Bi Zainabu

Nilikwenda Mikumi kumtafuta mtu aliyebeba bakteria wa marehemu. Sisi watu wa maabara hatuamini mizimu, na mimi huwacheka wanaoamini. Lakini mashine yetu hapa Kilosa, inayosoma vinasaba vya vijidudu herufi kwa herufi, ilisoma usaha wa kidonda kutoka Mikumi ikatoa jibu lilelile tulilopata kwa Bi Zainabu wa Magomeni ya hapa Kilosa alipokuwa mgonjwa, naye alizikwa miezi miwili nyuma. Nilidhani nimechanganya vichupa. Nikarudia mara tatu, jibu lilelile. Na mgonjwa wa Mikumi, Bi Mwajuma, dawa zilikuwa zimeshindwa kumponya. Daktari wake alishaanza kutaja kumkata mguu.

Saa kumi na mbili asubuhi nikapanda basi. Ukungu ulifunika mashamba ya zamani ya mkonge, na hadi Zombo hakuna abiria aliyeongea. Njia nzima nilijiona kama nimetumwa na mtu nisiyemjua.

Mikumi, saa tatu. Bi Mwajuma alikuwa kitandani nyumbani kwake, mguu umefunikwa khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamuuliza kama alimfahamu Bi Zainabu.

"Tumecheza wote tangu wadogo. Mguu huu haukuniruhusu hata kwenda kumwona alipougua. Arobaini yake ilipopita, wanawe wakaniletea khanga yake. Ndiyo hii."

"Umeshaifua?"

"Niifue, harufu yake iende wapi? Kila nikijifunika, namsikia yupo."

Nywele zilinisimama. Nikamweleza kwamba vijidudu vya marehemu vilibaki kwenye khanga, vikaingia kidondani, na dawa zilizoshindwa kwake zimeshindwa hapa pia. Daktari atabadilisha dawa, lakini khanga lazima ichemshwe. Akaikumbatia.

"Sasa yeye atabaki wapi?"

Nikasema ukweli tu: kwenye friza yetu kuna kichupa cha vijidudu vyake, vimelala, bado hai.

"Basi mfikishie salamu zangu," akasema, akanipa khanga.

Tuliichemsha uani. Alilia, nami nikalia naye.

Saa tisa nikapanda basi la kurudi. Watu walisimama hadi mlangoni, lakini kiti cha pembeni yangu hakikukaliwa na mtu mpaka Kilosa.

Safari ile ilinifundisha kwamba mashine hutaja kijidudu, ila haisemi nani alimpenda nani. Wiki tatu baadaye daktari akanipigia simu: kidonda kinafunga, mguu haukatwi tena. Salamu tu ndizo nilikuwa sijazifikisha. Nikasubiri wenzangu waende kunywa chai, nikafungua friza.

"Shikamoo, Bi Zainabu. Mwajuma anakusalimu."

Nikafunga mlango haraka, nisije nikaitikiwa.