Makala Yangu Ubaoni

Siku ile humo darasani tulikuwa hawa: profesa wa Kiingereza, kijana mwenye suti moja tu ya abakosti, isiyovaliwa tai, aliyoifua kila Jumapili, wanafunzi wake wa mwaka wa nne, wamebanana kwenye madawati, mdogo wangu wa kike, mstari wa pili, mama mmoja muuza vitambaa sokoni, papa mmoja karani wa posta, mzee katekista wa parokia, aliyekuja kwa ajili ya mjukuu wake, na mimi, dawati la nyuma karibu na mlango, mikono nimeificha chini. Wazazi wetu hawakuwapo. Mama alifariki kwanza, baba akafuata, na aliyebaki kukaa mahali pao nilikuwa mimi.

Profesa yule, maana ndivyo tulivyowaita walimu wa sekondari, alikuwa na desturi yake. Kabla ya likizo ya Pasaka aliwaita wote wanaowalipia watoto shule. Kitabu kilikuwa kimoja, chake mwenyewe, kwa hiyo somo aliliandika ubaoni. Mwanafunzi alilisoma kwa Kiingereza, kisha akaligeuza kwa Kiswahili ili na sisi tusikie watoto wanafundishwa nini. Alama zilitolewa palepale. Kiingereza kilikuwa kimemsumbua mdogo wangu tangu Septemba, na alama za siku ile ndizo zingeamua kama atapanda mwaka wa tano. Shule ile haikumpokea mtu wa kurudia darasa. Aliyeshindwa alikwenda nyumbani.

Mimi niliacha shule baba alipofariki, kabla sijamaliza ya msingi. Nilibeba mizigo ya watu bandarini, nikauza ndizi, mwishowe nikaingia kwenye makala, yale makaa ya kupikia. Nilinunua miti iliyosimama kwenye mlima ulio nyuma ya mtaa wetu. Pamoja na kibarua mmoja niliikata, tukaipanga, tukaifunika majani na udongo, tukaiacha iungue polepole. Makala yale ndiyo yaliyowalisha na kuwasomesha wadogo zangu. Asubuhi ile nilikuwa nimeisugua mikono kwa mchanga na ndimu mpaka ikawasha, lakini weusi ulibaki kwenye kucha.

Kando ya maandishi profesa alikuwa amechora kwa chaki. Mlima, upande mmoja una miti, upande wa pili una visiki. Chini yake nyumba, na tope linaingia milangoni. Katikati ya visiki, tuta la udongo linalotoa moshi. Maneno sikuweza kuyasoma. Tuta lile nililijua kama ninavyojua chungu changu.

Mdogo wangu aliitwa, akasoma. Hata mimi nisiyejua nilisikia kwamba sauti yake haikukwama popote. Kisha akatugeukia akaanza Kiswahili. Alisema kwamba kwenye milima mvua inanyesha kwa nguvu, inachukua udongo, udongo unaingia ndani ya nyumba na ndani ya ziwa, ziwa linakuwa jekundu na samaki wanakimbia. Akaishia hapo, kama mtu aliyemaliza.

Darasa likacheka. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Kumbe mvua njo inakataka miti. Mvua iko na shoka."

Wakacheka zaidi. Profesa aliwatuliza, akamwambia mdogo wangu kwa upole kwamba ameruka mistari ya katikati, airudie. Mdogo wangu akaugeukia ubao. Profesa akamweleza kwamba kusoma peke yake hakutoshi, na bila mistari ile hawezi kumpa alama hata moja.

"Andika zero, profesa," mdogo wangu akasema.

Katekista alitikisa kichwa, akidhani ni ukaidi wa vijana. Mimi nilitazama tena lile tuta ubaoni na nikaelewa. Mwanzoni niliona haya kwa kudhani mtoto ananionea haya. Kisha nikaona vile alivyosimama, mgongo wake ukiwa kati yangu na ubao, na haya ikawa nzito zaidi. Alikuwa ananifunika. Nilikumbuka salongo, ile kazi ya mtaa ambayo serikali ilitulazimisha kila Jumamosi. Tulitoa tope kwenye mifereji, na mimi nililitoa pamoja na wengine, nikilalamika kuwashinda wote, kana kwamba sijui limeshuka kutoka wapi.

Nikaitoa mikono, nikasimama.

"Profesa, naomba ruhusa. Ule mwenye makala njo mimi. Mutoto aseme yote."

"Yaya, ikala," mdogo wangu akasema, bila kugeuka: mkubwa wangu, acha.

"Sema. Hata kama iko mubaya, sema."

Akasema, kwa sauti ndogo, akinitazama. Kwamba kuna watu wanaokata miti ya mlima ili wachome makala. Kwamba wanayauza mjini na hawapandi mti mwingine. Kwamba wanaoishi chini ya mlima ndio wanaolipa. Safari hii hakuna aliyecheka. Yule mama wa vitambaa, ambaye alinunua makala kwangu kila mara, aliangalia mikono yangu, kisha akaangalia yake. Ningependa zaidi anitukane.

Profesa aliandika alama, na zilikuwa nzuri. Halafu akaliuliza darasa tufanye nini sasa. Mmoja alisema wauza makala wafungwe. Mwingine akamuuliza kwao watapikia nini, kama hawana hata waya wa umeme. Yule kijana wa shoka akasema basi tuwatie jikoni wauza makala wenyewe badala ya makala, na vicheko vikarudi. Profesa akaniuliza kama nina neno. Nilisema kwamba kwa kila mti niliokata nitapanda miwili. Nililisema mbele ya wote kwa sababu ya haya, na sikuwa nimewahi kuhesabu nimekata mingapi.

Tulishuka nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Karibu na mlango akasema, "Nilitaka tu usisikie." Kesho yake asubuhi nilipanda tena mlimani na shoka, maana pesa za shule za muhula wa mwisho zilikuwa bado.

Alipanda mwaka wa tano, na shule akaimaliza. Leo yeye mwenyewe anafundisha Kiingereza, upande wa Kavumu. Kila mwaka anafika kwenye somo kama lile. Aliniambia kwamba huchora mlima, visiki na tuta lenye moshi, lakini kando ya tuta hamchori mtu. Wanafunzi wakimuuliza mwenye makala yuko wapi, huwajibu kwamba amekwenda kutafuta miche.

Nilianza kupanda wadogo zangu walipomaliza shule. Miche ya kwanza ililiwa na mbuzi. Miti ya grevilea ilikubali, na sasa imefunika korongo lote la chini. Huko juu, mahali tulipochomea, ardhi bado iko wazi. Mvua kubwa ikinyesha nasikia mawe yakitembea mferejini nyuma ya nyumba, na najua yanatoka kwenye sehemu ambayo bado sijaifikia.