Aliyefungua Shauri

Kazi yangu ni kusoma mita za maji, kwa hiyo kufungiwa milango nimezoea. Mbwa wananijua kwa viatu, na watoto wakiniona getini wanatumwa waje kusema mama hayupo, huku mama mwenyewe anasikika akikohoa ndani. Siku niliyokwenda mahakamani kutafuta karatasi ya zamani sikuwa na hofu. Nilikwenda nimejiandaa kugombana.

Kwenye dirisha la masjala, mahali wanapotunza majalada ya kesi, nilimkuta mwanamke mfupi aliyekaribia umri wa kustaafu. Alikuwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine ikining'inia kifuani kwa uzi. Mfuko wa koti lake la kazi ulikuwa umevimba kwa chupa ya gundi. Mawakili, askari wa mlangoni, mpaka hakimu, wote wanamwita Bi Gundi, naye anaitika bila kinyongo. Alikuwa akibandika kitambaa kwenye mgongo wa jalada lililochanika, na hakuinua uso mpaka pembe ya mwisho ilipokaa sawa.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Tatizo?"

Tatizo langu lilikuwa moja, na lilikuwa na tarehe. Mama yangu alikuwa anapofuka. Jicho la kulia lilishafunga, la kushoto lilikuwa linaona ukungu, na daktari alisema mtoto wa jicho ameiva, upasuaji usisubiri mwaka mwingine. Kazini kwetu tuna bima ya afya inayopokea wazazi. Afisa utumishi alitazama cheti changu cha kuzaliwa, akatazama kitambulisho cha mama, akaniuliza, "Huyu kwako ni nani?" Nikamwambia ni mama. Akasema, "Cheti kinataja mwanamke mwingine." Ni kweli, kinamtaja aliyenizaa, ambaye alifariki nikiwa mchanga. Baba akaoa tena, kisha na yeye akafariki kabla sijatimiza miaka mitatu. Aliyebaki na mimi ni mke wa baba, na huyo ndiye ninayemwita mama, kwa sababu sina mwingine na sijawahi kumtafuta mwingine. Afisa akataka amri ya mahakama inayoonyesha alipewa ulezi wangu. Orodha ya bima ilikuwa inafungwa tarehe thelathini. Siku hiyo ilikuwa tarehe kumi na mbili.

Kwamba kulikuwa na kesi, kwetu hakuna asiyejua. Tuliiita kesi ya baba mkubwa. Kaka yake baba aliizungumza kwenye kila msiba na kila harusi mpaka naye akazikwa: jinsi alivyokwenda mahakamani kunipigania, jinsi hakimu alivyomnyang'anya damu yake na kumpa mwanamke wa watu. Mama hakuwahi kubishana naye. Nikimuuliza alikuwa anacheka tu, anasema, "Wewe nilikabidhiwa na hakimu." Nikakua nikijua hivyo, kwamba aliyenitaka alishindwa, na aliyeshinda alikuwa amekaa tu pembeni. Mama alinilea vizuri, Mungu shahidi. Lakini mtu ukijua umepokelewa kwa amri, unakula kwa adabu. Hata nilipoanza kulipwa mshahara, kila nilichompelekea nilikipeleka kama mgeni anayelipia malazi.

Bi Gundi alinisikiliza, kisha akauliza, "Wewe ni nani katika shauri hilo?"

"Mimi ndiye mtoto."

"Basi umenirahisishia. Mashauri ya watoto hayasomwi na kila mpita njia. Angekuja jirani yako ningemrudisha kwao." Akanipa karatasi tupu. "Andika barua kwa hakimu mfawidhi, mkuu wa mahakama hii. Sema wewe nani, unataka shauri gani, la mwaka gani, na la nini. Ambatanisha kitambulisho na cheti cha kuzaliwa. Ukimaliza, nenda kwa mhasibu ukalipie upekuzi, risiti uniletee mimi. Na usiandike unaomba faili. Faili halitoki hapa hata kwa mazishi. Omba nakala iliyothibitishwa ya amri, na ya mwenendo wa shauri."

"Mwenendo ndio nini?"

"Yale waliyosema wenyewe mbele ya hakimu."

"Siyataki hayo. Nataka amri tu."

"Mwanangu, andika vyote viwili. Kurudi mara ya pili ni nauli."

Nilinung'unika kwamba nauli ni yangu, lakini nikaandika. Hakimu alipitisha ombi baada ya siku mbili, nikadhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Namba ya shauri sikuwa nayo, na mwaka niliukisia. Bila namba, njia ni moja: madaftari makubwa ya mashauri ya familia, yanayopangwa kwa mwaka na kwa jina. Kila mchana nilikata mapumziko yangu nikaja dirishani, na kila mchana Bi Gundi alikuwa amepitia daftari jingine akitafuta jina la baba mkubwa. Mwaka aliofariki baba, hakuna. Mwaka uliofuata, hakuna. Uliotangulia, kwa kubahatisha, hakuna. Tarehe ishirini na nne nikaishiwa uvumilivu.

"Semeni ukweli!" nikasema, na foleni nzima ikageuka. "Mmelipoteza. Mnakaa hapa mnabandika vitambaa, kumbe majalada ya watu yameliwa na panya!"

Bi Gundi alivua miwani, akaifuta, akairudisha machoni. "Anayefuata," akasema.

Nikatoka nimevimba. Mlangoni askari akanizuia kwa mkono, mzee mpole mwenye sauti ya kunong'ona. "Dada, pale umekosea," akaniambia. "Unajua bomba lilipasuka mle ghala la kumbukumbu, miaka tisa sasa? Maji yalifika magotini. Wakubwa walikuja, wakatazama, wakasema karatasi zimeshakuwa uji, zitupwe. Huyu mama akakataa. Alifunga kamba kutoka nguzo hii mpaka ile, akaanika majalada ukurasa kwa ukurasa kwa vibanio vya nguo. Wiki tatu. Mikono ilimtoka vidonda. Vile vitambaa unavyovicheka ndivyo vinavyoshika karatasi zilizopona."

Niliona aibu ambayo sijui hata niielezeje. Zaidi ya yote, bomba ni letu. Sisi watu wa maji ndio tuliochelewa kuja kulifunga siku hiyo, nina uhakika, maana najua tunavyochelewa.

Kesho yake nilifika kabla dirisha halijafunguliwa. "Mama yangu, naomba radhi," nikasema. "Na nimeambiwa habari za bomba. Mimi nafanya kazi huko huko kwenye maji."

Alinitazama juu ya miwani. "Kumbe adui yangu ndiye wewe!" Kisha akacheka mpaka miwani ya kifuani ikatikisika. "Haya, ingia huku ndani ukae. Nimekesha usiku kucha nikikuwaza wewe, halafu unakuja na radhi! Hebu nisimulie upya, taratibu. Baba yako alipozikwa, wewe ulikwenda kukaa kwa nani?"

"Kwa baba mkubwa. Binamu zangu wananiambia nilikaa kwao miezi kadhaa, nikilia."

"Yaani ulikuwa mikononi mwake tayari."

"Ndiyo."

"Na unasema yeye ndiye aliyefungua shauri akutake."

"Ndivyo alivyosema miaka yote."

Bi Gundi akaweka kalamu chini. "Mwanangu, nimekaa dirisha hili miaka thelathini na moja. Sijaona mtu mwenye mtoto ndani ya nyumba yake akaja hapa kumwomba. Aje kuomba nini? Anayekuja kufungua shauri ni yule asiye naye. Na daftari letu halimwandiki anayelalamika, linamwandika aliyeleta maombi. Niambie jina la mama yako."

Nikamwambia. Alivuta daftari la mwaka uliofuata msiba, lile lile alilokuwa amelipitia mara mbili, akateremsha kidole, na kidole kikasimama. Haikufika hata dakika kumi. Mwombaji: mama yangu. Mjibu maombi: baba mkubwa. Tulikuwa tumeitafuta kesi zaidi ya wiki kwa jina la aliyeshindwa, kwa sababu tu ndiye aliyekuwa na mdomo mrefu.

Jalada lilitoka ghalani likiwa na mgongo wa kitambaa cha maua ya buluu. Karatasi zilikuwa na mawimbi ya maji, lakini maandishi yalikuwa yanasomeka. Bi Gundi alitoa nakala, akazipeleka zikagongwe muhuri, akaniambia nikae kwenye benchi nisubiri sahihi. "Na wakati unasubiri," akasema, "soma mwenendo."

Nikasoma. Mwombaji, miaka ishirini na nne, mjane, mfua nguo hospitalini. Tarehe ya kwanza mjibu maombi hakufika, shauri likaahirishwa. Tarehe ya pili hakufika. Ya tatu, likaahirishwa tena. Mara ya nne ndipo wakasikilizwa. Kila mara mwombaji yupo. Niliijua njia ya kutoka kwetu mpaka pale mahakamani, na nilijua siku hizo mama alikuwa anatembea kwa miguu.

Hakimu: Mtoto huyu si damu yako. Unamtakia nini?

Mwombaji: Nimemlea tangu ana miezi mitano. Akiumwa ananiita mimi.

Hakimu: Wewe bado kijana. Ukipata mume?

Mwombaji: Atakayenitaka atatukuta wawili.

Nililia pale kwenye benchi, mtu mzima na sare ya kazi, mfuko wa vifaa mapajani. Nililia kwa furaha, na kwa hasira ya miaka thelathini na minne niliyoipoteza nikijiona mgeni kwenye nyumba yangu. Askari mpole akasogeza kiti chake mbele yangu akageukia ukutani, ili watu wadhani ananikinga jua.

Afisa utumishi alipokea amri tarehe ishirini na nane. Aliusoma muhuri, akamwandika mama kwenye orodha, na sikuongeza neno, jambo ambalo kazini walilisimulia kwa wiki mbili. Bi Gundi nilimpelekea chupa kubwa ya gundi na kitambaa kizuri. Akakataa, akasema karani hapokei kitu, nikitaka kushukuru niandike barua kwa hakimu mfawidhi, nayo itapewa namba. Nikaiandika kurasa mbili. Akaniambia ni ndefu mno, lakini niliona ameikunja kwa uangalifu mkubwa, hata hakuikunja mara ya pili.

Mama alipasuliwa jicho la kushoto mwezi uliofuata. Sikuwa nimemwambia nilichokisoma. Nilitaka akisome mwenyewe. Siku alipofunguliwa bandeji na kuruhusiwa kusoma, nilimwekea kiti uani, nikampa karatasi, nikasimama mbele yake kama mtoto anayesubiri kuulizwa jedwali la kuzidisha.

Alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika mwisho wa ukurasa akarudi juu, akatikisa kichwa.

"Karani wao hakuandika yote," akasema.

"Kwani ulisema nini kingine?"

"Yule hakimu alisita sana. Alikuwa anaelekea kukubakiza kwa shemeji. Nikamwambia, basi kama mtoto anabaki huko, niandikeni na mimi nikawe mfanyakazi wa ndani wa nyumba hiyo. Mshahara sitaki. Nimwogeshe tu." Akapitisha kidole kwenye mistari kana kwamba neno lingetokea. "Hawakuandika. Labda waliona ni upuuzi."

Nilipiga magoti nikamshika miguu, nikasema, "Asante, mama." Nilikuwa nimeshamwambia asante maelfu ya mara, kwa chakula, kwa ada, kwa nguo. Hii ilikuwa ya kwanza kumwambia kama mwanawe.

Akaweka mkono kichwani pangu, akaniacha hivyo kidogo. Kisha akanisukuma pembeni taratibu.

"Sogea, unanizibia mwanga," akasema. "Sijamaliza kusoma."