Waya wa Banda la Pampu

Katika kazi zote nilizofanya Geita, inayonitia aibu ni ile niliyoifanya vizuri kuliko zote.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Nilikuwa fundi wa umeme na kompyuta kwenye kambi ya kampuni ya dhahabu, Mzaramo pekee kwenye vumbi lile jekundu. Maji ya shimoni yalivutwa na pampu, na pampu iliendeshwa na bodi ndogo ya kompyuta, upana wa kiganja, iliyofungiwa kwenye boksi la chuma ndani ya banda la mabati. Bodi haikuwa na kioo wala kibodi. Ilikuwa na waya mfupi uliokwenda kwenye skrini kuukuu ya maandishi ya kijani, na hapo ndipo ilipotoa habari zake: pampu imewaka, maji yamepanda, kuna hitilafu.

Mbele ya skrini hiyo aliketi Msukuma mmoja wa Samuye, rika langu. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza na Kiingereza hakukijua, ila darasa la saba alimaliza, na herufi zilikuwa zake. Alinakili kila mstari kwenye daftari, kisha akanisomea kwenye redio ya upepo, herufi moja moja, nami ofisini nikaziunganisha. Mwaka wa pili alikuwa haendi tena herufi kwa herufi. Alizijua habari zile kwa sura, kama anavyowajua ng'ombe wa kwao.

Wasukuma na Wazaramo ni watani, na sisi wawili hatukuupa utani likizo. Asubuhi nikimwamkia "Mwangaluka" kwa lafudhi yangu ya pwani, anacheka mpaka anashika ukuta. Aliniambia Mzaramo jembe analiona kwenye picha tu. Nilimwambia siku akifa nitalala kaburini mwake, nisitoke mpaka nduguze wanipe fahali. Sikumbuki kama aliwahi kuniita kwa jina. Nilikuwa mtani, basi.

Mvua za kwanza zilipokaribia, mkuu wetu wa ufundi aliniita. Waya wa mtandao ulikuwa umefikishwa bandani, na alitaka habari za bodi zije moja kwa moja kwenye kompyuta ya ofisini, tangu bodi inapowashwa. Nilifurahi. Fundi yeyote angefurahi. Nilipofika mlangoni akaongeza kwamba kazi ikiisha, yule wa bandani hatahitajika, na nisimwambie mpaka ofisi imwandikie barua.

Jioni ile nilimkuta mtani wangu ana furaha. Alikuwa ameamua kuleta mke na watoto kutoka Samuye, na shamba amwachie mdogo wake alime msimu ule, pamba na mahindi, kila kitu. "Mtu mwenye kazi ya kudumu analima ya nini?" akasema.

Nilipaswa kumwambia pale pale. Lakini niliogopa mkuu, na zaidi niliogopa uso wa mtani wangu. Nikachagua njia ya mwoga.

"Mtani, usihame," nikasema. "Kazi yako anapewa waya. Mwakani utakuwa huna lako hapa, rudi kwenu ukalime."

Alicheka mpaka machozi. "Mzaramo leo ananifundisha kilimo!"

Nami nikacheka naye. Kwetu sisi watani, mtu akitaka kusema jambo la kweli huanza na maneno mawili: utani kando. Hapo hata aliyekuwa anacheka hukaa sawa na kusikiliza. Maneno hayo sikuyasema. Nilikwenda kulala nikijidanganya kwamba nimemwambia.

Kazi yenyewe ilinisumbua. Bodi huanza kutoa habari kabla haijaamka sawasawa, na wakati huo haina uwezo wa kuulizia njia. Ilibidi niiandikie mimi mwenyewe anwani ya kompyuta ya ofisini pamoja na namba ya kadi yake ya mtandao, herufi na tarakimu kumi na mbili. Ukikosea moja, habari zinapotea. Hata ukipatia, bodi inatuma tu. Haingoji jibu, wala haijui kama aliyetumiwa amepata.

Siku tatu kioo cha ofisini kilibaki cheusi. Siku ya nne nilimwachia karatasi yenye ile namba, nikamwomba ailinganishe na niliyoiandika kwenye bodi, iliyoonekana kwenye ile skrini yake, kwa kuwa macho yangu yalikuwa yamechoka kuitazama. Hakuchukua muda.

"Mtani," akaniita redioni, "kwenye karatasi hapa kuna nane, wewe umeandika B."

Nikarekebisha, tukawasha upya. Mistari ikaanza kushuka kwenye kioo changu. Yeye bandani akasoma yake, mimi nikafuatisha yangu, mpaka mstari wa mwisho.

"Imefanana!" akapiga kelele. "Mzaramo ameokolewa na mkulima!"

Nilizima redio. Nilitamani ile namba ingebaki na kosa lake milele.

Mkewe na watoto walikuja Novemba, wakapanga chumba karibu na barabara. Kila wiki nilijiambia wiki hii nitasema. Alinipa habari za nyumbani: mvua imenyesha vizuri, mdogo wake amemaliza kupanda, shamba limejaa. Nilisema vizuri, vizuri. Uoga ukishazoeleka hauna hata aibu.

Barua ilitoka Januari. Iliandikwa kwa Kiingereza, na kwa kuwa msomaji wake wa Kiingereza nilikuwa mimi, aliileta ofisini kwangu, imekunjwa vizuri ndani ya lile daftari lake. Akakaa kwenye kiti. Nyuma ya mgongo wake kioo kilikuwa kinashusha mistari ya bodi, kimya kimya.

Nilisoma, nikamtafsiria. Kwamba kampuni inamshukuru. Kwamba banda halihitaji tena mtu. Kwamba mwisho ni Ijumaa.

Akaanza kucheka. "Mtani bwana! Soma sasa kilichoandikwa."

Nikasoma tena, neno kwa neno. Alizidi kucheka, akanipiga begani. Akauliza siku atakapokufa fahali wangu nataka wa rangi gani.

"Utani kando," nikasema.

Kicheko kilikatika. Alikaa sawa kwenye kiti, mikono magotini, akanitazama. Halafu akageuka, akakitazama kioo kwa muda. Nadhani aliisoma ile mistari yote.

"Siku ile uliponiambia nisihame," akasema taratibu, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mvua za kwanza zilikuwa hazijanyesha."

"Ndiyo."

Alichukua barua, akaikunja ilivyokuwa imekunjwa, akairudisha ndani ya daftari. Daftari akaliacha mezani. Alisimama, akanyoosha mkono, nami nikaupokea.

"Wabeja, fundi," akanishukuru kwa Kisukuma.

Miaka miwili na ushei, hakuwahi kuniita fundi.