Mtu Aliyemeza Petroli Njia ya Kivukoni

Nimeshachekwa kwa habari hii, na waliocheka ni watu ninaowaheshimu, mume wangu akiwemo. Sina neno nao. Wao hawakuwepo. Tuliokuwepo ni wawili, mimi na mama mkwe wangu, na kila tulipoulizwa, tukiwa pamoja au kila mmoja peke yake, tulieleza hivi hivi. Sikuwa naumwa, sikuwa nimesinzia. Ilikuwa mchana, kwenye barabara ambayo huenda hata wewe umeipita, ile inayotoka Usagara kwenda kivuko cha Kigongo.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoanza kuchangamka Mwanza. Viwanda vya minofu ya sangara vinafunguliwa, kila mwenye nguvu anaanzisha biashara, nami nilikuwa nauza nguo za mitumba Nyamagana. Mume wangu alifanya kazi kwenye meli za mizigo, siku nyingi hayupo nyumbani. Gari nililokuwa nalo lilikuwa dogo, la zamani, la kabureta, nimeachiwa na baba yangu. Baba alikuwa fundi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, mimi ndiye niliyemshikia taa kwenye boneti tangu nikiwa shule ya msingi. Kwa hiyo ukinisikia nataja pampu na chujio, usidhani nimesimuliwa.

Mama mkwe wangu aliishi kijijini, mbele ya Misungwi. Macho yake yalikuwa mekundu. Kule kwao kuni zilishakwisha, wanawake wanapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi wake unaujua. Lakini kwetu Usukumani miaka ile, bibi mjane mwenye macho mekundu hakuulizwa habari za moshi. Mtoto wa jirani alikufa kwa homa, maneno ya uchawi yakaanza. Asubuhi moja mama akafungua mlango akakuta panga limeegemezwa ukutani, nje, mpini ukimtazama yeye. Akanitumia mtu. Nikajaza mafuta, nikachukua na dumu la akiba kama tulivyozoea wakati huo, nikamfuata. Nilitaka nimvushe ziwa nimpeleke Sengerema kwa wifi yangu.

Tulifunga vitu vyake haraka. Gari nilikuwa nimeliegesha nyuma ya nyumba, sisi tuko ndani. Tulipotoka, majirani walikuwa wamesimama mbali wanatazama. Hakuna aliyekuja kuaga. Mama alivaa vitenge vyake viwili, akakaa kiti cha mbele, hakugeuka nyuma.

Mpaka Usagara gari lilikwenda vizuri. Tulipokata kushoto kuelekea kivukoni, kwenye kilima cha kwanza, likaanza kupiga chafya. Ukikanyaga mafuta linalegea, ukiachia linajikokota. Halafu likazima.

Nilifungua boneti. Moto wa plagi ulikuwepo, kwa hiyo nikajua ni mafuta. Kwanza nikafungua mfuniko wa tangi, maana tundu lake la hewa likiziba, tangi linajifunga na mafuta hayatoki. Halikuwa limeziba. Nikachomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, nikapiga pampu kwa ule mkono wake mdogo. Petroli ikaruka mara mbili nzuri kabisa, kisha ikaja hewa tupu. Chujio nalo lilikuwa safi. Maana yake pampu ni nzima, kabureta haina neno, shida iko nyuma, kati ya tangi na pampu. Nikapuliza bomba kwa mdomo kurudisha tangini, nikasikia mapovu. Nilikuwa bado nimeinama pale niliposikia mtu ananisalimia mgongoni.

Alikuwa mwanaume wa makamo, shati jeupe limepigwa pasi. Barabara ile ilikuwa ya vumbi, mwenyewe ungefika kivukoni nyusi zimekuwa nyekundu. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa. Alinisalimia mimi, akamruka mama. Huku kwetu mtu mzima wa umri ule amkute bibi kizee amkalie kimya bila shikamoo? Hapo hapo nikashika spana vizuri. Nilifikiri ni mwizi, wale wanaokaa milimani kusubiri magari mabovu.

Kabla sijamwambia lolote akasema pampu yangu ni nzima, bomba ndilo linaloziba kwa ndani. Niambie, alijuaje? Akaomba mpira wa kunyonyea mafuta, nami nikampa wangu wa kwenye buti, kwa sababu nilitaka aondoke na nilidhani akishasaidia ataomba chochote aende zake. Akauzamisha mpira tangini, akaanza kuvuta kwa mdomo.

Umewahi kuona fundi akivuta petroli. Ikimgusa ulimi anatema, anakohoa, anatukana. Huyu hakutema. Nilimwona koo likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, kama mtu anayekunywa togwa akiwa na kiu. Alivuta mpaka akatosheka, akafuta midomo kwa kidole, akanirudishia mpira wangu.

"Sasa litawaka," akasema.

Nikarudisha mpira wa kabureta, nikafunga boneti, nikaingia upesi nikawasha, likawaka kweli. Lakini yeye akazunguka akaja kuinama dirishani kwangu. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu anayekutakia mema.

"Dada, gari lako halina ugonjwa. Huyu uliyembeba ndiye anayelizuia. Mshushe hapa, utafika kivukoni bila kusimama. Wenzake wako nyuma, watamchukua."

Hatukuwa tumemwambia tunatoka wapi. Niliondoa gari kwa nguvu mpaka mama akagonga bega mlangoni.

Tukaenda. Mvua ikashuka, ile mvua ya ziwa inayokuja kwa kishindo na kupita. Nataka unielewe vizuri hapa: hakuna gari lililotupita, hakuna baiskeli, na upande mmoja wa barabara ni majabali matupu. Nilikuwa natazama kioo cha nyuma kuliko nilivyotazama mbele. Mvua ilipokatika, tukiwa tunapanda kilima kingine, gari likakohoa tena, likalegea, likazima. Na yule mtu alikuwa mbele yetu, amekaa juu ya jiwe. Shati lake halikuwa na tone la maji.

Akasema, "Nilikuambia."

Nilifunga kioo. Nikamtazama mama, naye alikuwa ananitazama mimi na yale macho yake. Alikuwa amesikia kila kitu pale tuliposimama mara ya kwanza.

"Mwanangu," akaniambia, "kama ni kweli ni mimi, niache. Wewe una watoto."

Nadhani hakuna siku nimekasirika kama siku ile. Nilimwambia nimeona kwa macho yangu mafuta yakitoka kisha ikaja hewa, na hewa haitoki kwa mtu aliyekaa kiti cha mbele. Nikamwomba abaki ndani. Hakubaki. Alifungua mlango, akajifunga kitenge vizuri, akamwendea yule mtu. Nami nikashuka na spana yangu nikamfuata.

Mama akasimama mbele yake, akamsalimia kwa Kisukuma. Salamu yetu ya watu wazima haiishi kwa neno moja. Mkubwa akikusalimia anakuuliza wewe ni wa ukoo gani, mtoto wa nani, nawe unajibu ndipo salamu iendelee. Hata mgeni asiyejua lugha husema, mimi si mtu wa huku, natoka mahali fulani. Mama akamuuliza ukoo wake. Akanyamaza. Akamuuliza tena, taratibu, kama anavyoulizwa mtoto, mama yako ni nani.

Yule mtu akafungua mdomo. Haikutoka sauti ya mtu. Ilitoka ile sauti niliyoisikia muda mfupi uliopita pale kwenye boneti, ya pampu inayovuta hewa, kavu, fyu, fyu, na harufu ya petroli ikatujia usoni mpaka macho yakaniwasha. Alijaribu tena, ikatoka ile ile. Basi akaanza kurudi nyuma. Hakugeuka. Alirudi kinyumenyume akipanda majabali yenye utelezi wa mvua, bila kutazama anakokanyaga wala kujikwaa, akitutazama mpaka majabali yakamficha.

Sikungoja kujua kilichofuata. Niliona siwezi tena kulitegemea tangi. Nikapandisha lile dumu la akiba juu ya karia ya paa la gari, nikalifunga kwa kamba. Nikakata kipande cha mpira ambacho midomo yake ilikuwa imekigusa, nikakitupa. Kilichobaki nikakitumbukiza kwenye dumu, nikavuta kidogo, nikatema, kisha nikakishusha moja kwa moja hadi kwenye kabureta ili petroli ishuke yenyewe bila pampu. Ni hatari, baba mwenyewe angenigombeza. Wakati wote huo mama alisimama ameyaelekea majabali, ananipa mgongo, anairudia ile salamu kwa sauti ileile ya utulivu. Hakuna aliyemjibu.

Gari likawaka, likapanda kilima halikukohoa. Tulikikuta kivuko kinapakia magari. Tulipokuwa katikati ya maji mama akaomba maji ya kunywa. Ikabidi nimnyweshe.

Kesho yake, Sengerema, fundi alishusha tangi. Ndani alikuta pamba mbichi, na mbegu zake, imelowa na kuvimba, inaelea na kuja kukaa kwenye mdomo wa bomba kila mafuta yanapovutwa. Injini ikizima, inalegea na kuachia. Ndiyo maana tulikuwa tunakwenda kidogo na kusimama. Pamba haikuingia tangini yenyewe. Mtu aliisukuma pale nyuma ya nyumba, mtu wa kijijini, na mpaka leo kuna sura mbili tatu ninazoziwazia. Kwa hiyo ukiniambia ubovu ule ulikuwa kazi ya binadamu, nakubali. Lakini yule aliyekuwa anatungoja mahali gari litakapozima, ametoka wapi? Binadamu gani anameza petroli?

Mama hakurudi tena kijijini. Aliishi kwa binti yake miaka mingi, akafa kitandani mwake, kwa uzee. Mimi nilibaki na tabia ambayo watoto wangu wanaijua: nikimwona mtu anavuta petroli kwa mdomo, popote pale, siwezi kuondoka. Nasimama namtazama koo mpaka ateme.

Ningeweza hata kuanza kuamini kwamba tuliota, kama isingekuwa habari niliyoisikia mwaka uliofuata. Mwanaume mmoja, mteja wangu pale Nyamagana, alikuwa anampeleka shangazi yake ng'ambo kwa sababu kama zetu. Gari likamzimikia njia ile ile. Akanieleza kwamba alisaidiwa na bwana mmoja mpole, msafi, mwenye shati jeupe, na gari likawaka. Nikamuuliza shangazi yuko wapi. Alisema alimshusha kwa muda tu, ili gari lipande kilima likiwa jepesi, kisha arudi kumchukua. Aliporudi alikuta kitenge chake kwenye mtaro. Walimpata siku ya pili, na sitasimulia walimpata vipi.

Basi wewe mwenye gari bovu na mzazi mzee, sikia. Gari likikata mafuta, fuata mafuta, kuanzia tangini mpaka kwenye kabureta, hata kama jua linazama. Na akija mtu mzuri, mwenye maneno laini, akakuambia kasoro ni huyo uliyembeba, usimshushe. Laleni humo humo garini hadi kupambazuke.