Aliyemaliza Kabla ya Wote

Nirjala Khatiwada hajui kutulia. Sufuria ikiwa jikoni, yeye anakunja nguo. Nguo zikiisha anasugua sinki. Akilazimishwa kukaa, mguu unamtikisika mpaka vikombe vinagongana. Wanepali wenzake aliopanga nao nyumba pale Rockdale, Sydney, walishamzoea.

Alikuwa mwalimu wa uhasibu chuoni huko Dharan, Nepal. Alipokuja kusoma shahada ya uzamili alimwacha mumewe na binti yao mdogo, Pranisha, kwa mama mkwe, kwa ahadi moja: akimaliza masomo ataomba viza ya kufanya kazi, kisha atawaleta. "Dashain ya mwaka keshokutwa tutapakana tika huku huku," alimwambia mtoto kwa simu alipofika, yaani sikukuu yetu kubwa ya kupakana baraka nyekundu kwenye paji la uso, na tangu siku hiyo kila kitu alikifanya mbio.

Kwa hiyo chuo cha huku kilipomwambia kwamba masomo kadhaa aliyosoma kwao yatatambuliwa, asiyarudie, aliruka kwa furaha. Kwetu Nepal anayesamehewa somo ni kichwa, na anayerudia ni aliyefeli, basi. Hakumuuliza mtu anayejua. Ushauri wa viza aliupata jikoni, kama sote, maana hapa kila aliyetangulia kufika ni wakili.

Muhula wa mwisho ulipokaribia kwisha, akawaalika wenzake wale momo, sambusa zetu za mvuke, za kumpongeza. Bikal, dereva wa lori la mikate ambaye ndiye mkubwa wa nyumba, alikuwa amekwisha kumeza kadhaa aliposita.

"Dada, hebu ngoja. Wewe si ulikuja katikati ya mwaka jana?"

"Ndiyo, kaka. Wengine miaka miwili, mimi mwaka na nusu! Akili nyingi, hiyo."

Alicheka peke yake.

"Viza ya kazi wanataka miaka miwili ya masomo," Bikal akasema taratibu. "Ya hapa hapa. Yale ya kwetu uliyosamehewa hawayahesabu."

"Usinitanie, kaka."

"Nitanie na momo mdomoni?"

Susmita, anayelala naye chumba kimoja, akashika shavu. "Jamani, Nirjala! Kwani masharti hukuyasoma?"

"Niliyasoma! Miezi wanayotaka uwe umekaa nchini ninayo. Nikadhani kozi ikiandikwa ya miaka miwili, ni miaka miwili!"

Akasimama, akaanza kukusanya sahani. Watu walikuwa bado wanakula. Bikal alishikilia yake kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemcheka Nirjala.

Kesho yake alikuwa wa kwanza mlangoni pa ofisi ya wanafunzi. Karani, mama mmoja wa Kizungu mwenye miwani, alimsikiliza, akamwomba arudie.

"Naomba mnirudishie masomo mliyonisamehe."

"Unataka kusoma uliyokwisha kusoma?"

"Na kuyalipia."

"Mwanangu, hapa watu huja kuomba wapunguziwe."

"Mimi naomba niongezewe."

Karani alimtazama kama mtu aliyeomba aumwe jino. Lakini matokeo ya mwisho yalikuwa hayajafungwa, na kanuni haikukataza. Akaongezewa muhula mzima. Ukiweka na muda wa kusubiri viza, Dashain ile ya ahadi ilikwisha kwenda. Nirjala alitoka pale akitembea haraka, hajui aendako.

Alipopiga simu nyumbani Dharan, mumewe alielewa. Mama mkwe ndiye aliyechukua simu na kutoka nayo uani.

"Umefeli?"

"Sikufeli, mama. Nilipasi mno."

"Sema tu, binti yangu, sitakugombeza."

Akamweleza tangu mwanzo. Mama mkwe akasema, "Haya. Lakini majirani nitawaambia unaumwa. Kuumwa hakuna aibu."

Muhula ulianza. Somo lenyewe lilikuwa utangulizi wa uhasibu, lile lile alilolifundisha kwa chaki mpaka likamchosha. Alikaa nyuma kabisa, kati ya vijana waliokuwa wakinunua viatu kwenye simu. Mwalimu akiuliza swali, jibu lilimfika kooni kabla swali halijaisha, naye analimeza. Ilimuudhi. Alijiona kama anaibiwa maisha huku mwenyewe amewashikia wezi mlango, na mguu ulitikisika chini ya meza jioni nzima.

Wakati wa mapumziko simu ikaita. Alikuwa Pranisha, ndiyo kwanza ametoka shule, sare bado mwilini.

"Mama, leo nimemaliza hesabu kabla ya wote!"

"Hongera, roho yangu. Mwalimu akasemaje?"

"Akasema nikae nisubiri wenzangu. Nikakaa weee." Mtoto akasogeza uso karibu na simu, likabaki jicho tu. "Dashain unakuja kunichukua?"

Alikuwa amelikwepa swali hilo wiki nzima.

"Dashain hii hapana, mwanangu."

"Kwa nini?"

Maneno yalimjia, ya kumwambia mtoto siku nyingine asiwe na haraka, na alijichukia kwa kuyafikiria tu.

"Kwa sababu mama naye alimaliza kabla ya wote," akasema. "Wamemwambia akae asubiri."

Pranisha akarudisha uso nyuma.

"Mimi nilichoka kukaa. Wewe je?"

Darasani mwalimu alikwisha kuanza.

"Nimechoka, mwanangu," akasema Nirjala. "Nimechoka mno."