Mama Faili na Programu Yenye Nakala Nne

Waliohudhuria ni watano: mtunza kumbukumbu wa kliniki ya watoto, ambaye kila mtu humwita Mama Faili, mwalimu wa hisabati, mfamasia wa zahanati jirani, fundi simu aitwaye Betri, na mdogo wa mume wa Mama Faili, mwandishi wa programu katika benki. Waliotuma udhuru, hakuna. Wasiojibu barua, saba.

Ni Jumamosi, saa mbili asubuhi. Katika chumba cha mafunzo cha kliniki, Mama Faili anazungusha daftari la mahudhurio na kugawa dondoo za kikao. Anashangaa kuona wageni wake wamekwisha kufungua kompyuta ilhali kikao hakijafunguliwa.

“Shemeji, hii ni hakathoni,” mdogo wa mumewe anamwambia. “Watu wanakaa, wanatengeneza programu siku mbili, basi. Hakuna yatokanayo.”

“Sasa tutajuaje tumefika wapi?”

Vidole vinaendelea kugonga kibodi.

Mama Faili, mwenye umri wa miaka 47, si mtaalamu wa kompyuta. Kwa miaka 19 kazi yake imekuwa kupanga kadi za watoto. Miaka sita iliyopita, watu kumi na mmoja walijitolea kutengeneza Kumbusho, programu huria inayowatumia akina mama ujumbe wa tarehe ya chanjo. Huria kwa maana kwamba msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuutumia na kuurekebisha bila malipo. Wachukuaji hawakukosekana. Wa kuifanyia matengenezo ndiye aliyeadimika.

Kumbusho ikaanza kukosea tarehe. Mwezi uliopita, watoto 41 kati ya 320 walipitwa na siku yao, na Mama Faili akawapigia simu mama zao mmoja baada ya mwingine. Mganga mfawidhi amempa hadi Jumatatu: programu ipone, ama izimwe. Ikizimwa, kadi elfu tatu zitamsubiri yeye na vidole vyake kumi. Ndiyo maana amewaandikia barua wote kumi na mmoja.

Kufikia adhuhuri, habari ni njema kupita kiasi. Mwalimu anasema amelipata kosa. Mfamasia anasema naye alikwisha kulipata. Betri anadai kwake lilikufa zamani, na shemeji anaapa kwamba yake haina kosa lolote. Mama Faili anachomoa kadi ya mtoto aliyechelewa chanjo ya kwanza kwa siku tisa, anawasomea. Kompyuta nne zinatoa tarehe nne.

“Hebu ngojeni kwanza,” anasema, kadi ingali mkononi. “Mimi nimewaita mumtibu mgonjwa mmoja. Hawa wengine watatu wametoka wapi?”

Jibu linatoka kwa kuvutwa. Kumbusho ya asili, ambayo Mwalimu ndiye mtunzaji wake, ilihesabu kuanzia siku ya kuzaliwa hata pale mtoto alipochelewa chanjo iliyotangulia. Wenzake waliligundua kosa hilo miaka minne nyuma. Kila mmoja akalirekebisha kivyake, katika nakala yake mwenyewe, kwa kufuata siku za chanjo za kliniki aliyoihudumia. Hakuna aliyerudisha marekebisho yake kwa Mwalimu.

“Mwalimu ndiye aliyetufundisha,” anasema mfamasia, macho yakiwa juu ya kibodi. “Ningeanzaje kumsahihisha?”

Betri anakiri kwamba hata yeye aliona haya. Shemeji anasema yeye alisahau tu, na Mama Faili anamhakikishia kwamba haya hazikuwahi kumsumbua tangu utotoni. Mama mkwe ni shahidi.

Mwalimu hacheki. Kimya cha wenzake cha miaka minne alikuwa amekichukulia kuwa ushahidi kwamba kazi yake haina doa. Anavua miwani, anaifuta, anaivaa, anaivua tena. “Mmenistahi,” anasema, “mpaka mmeniharibia.”

Jumapili asubuhi, Mama Faili anakuja na kadi thelathini ambazo tarehe zake sahihi zimehakikiwa na muuguzi. Nakala ya Mwalimu inapata 19. Ya Betri, 23. Ya mfamasia, 26. Ya shemeji, 28, na Betri anaanza kumpongeza bingwa.

Mama Faili anauliza zile mbili zimekosewa kwa nini. Shemeji anapanda na kushuka katika msimbo wake kwa muda mrefu. Hatimaye anakiri kwamba aliuandika miaka minne iliyopita na hakumbuki alikuwa akiwaza nini.

Mfamasia anaulizwa swali lilelile. Katika nakala yake, kando ya kila badiliko pana tarehe na sentensi moja ya Kiswahili inayoeleza sababu. Mwishoni ameandika: “Sijashughulikia siku ambazo kliniki imefungwa.” Kadi nne alizokosea zote zimeangukia siku hizo.

Mabishano yanachukua saa mbili. Betri anashikilia kwamba 28 ni zaidi ya 26, na hesabu haina upendeleo. Chai inapoa. Mama Faili anakiri kwamba katika maneno kumi yanayosemwa, analielewa moja, nalo kwa shida.

Saa kumi jioni anasimama.

“Jamani, msimbo siujui, na sitajidai kuujua leo. Lakini faili lililobadilishwa bila kusema kwa nini, mimi huwa silipokei. Kuanzia sasa Kumbusho ni hii ya mfamasia. Shemeji, yako ni hodari. Utatuletea kipande kimoja kimoja pamoja na maelezo, na kile utakachoshindwa kukieleza utabaki nacho nyumbani. Mwalimu, utakuwa wa kwanza kusoma masahihisho, na wa kwanza kusahihishwa. Kesho namwambia mganga mfawidhi kwamba haizimwi. Wale watoto wa siku za kufungwa, mpaka mtakapozishughulikia, mama zao nitawapigia simu mwenyewe.”