Nilifanya Wifi Asimamishwe Kazi kwa Sababu ya Alama 31 za Hesabu

Admin, tafadhali nifiche vizuri, maana nusu ya ukoo wa mume wangu wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka 36, mzaliwa wa Kitui, nimeolewa huku Kilungu mwaka wa kumi na tatu sasa. Mume wangu anafanya kazi Kiboko na hurudi nyumbani wikendi. Mimi nalima na kuuza avokado. Sikusoma sana, lakini mimi si mjinga.

Dada ya mume wangu ni mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi anakosoma binti yangu. Binti yangu nimwite Mwende, yuko Gredi ya Sita. Wifi naye ana binti darasa hilo hilo. Mwaka jana tukipika chai ya wageni kanisani nilikosea kupima sukari, na wifi akasema kwa sauti: "Msamehe huyu. Hawa wa Kitui hesabu iliwapita. Hata Mwende amechukua kichwa cha mamake." Akina mama wakacheka mpaka mmoja akamwaga maziwa. Nilitabasamu tu, lakini moyoni niliapa siku yake itafika. Jioni hiyo nikambloku kwenye simu.

Muhula ulipofungwa niliwakuta wale wasichana wawili barazani wakilinganisha karatasi zao za hesabu. Wote walikuwa na 31 kwa 50. Nikaomba ripoti zao. Binti ya wifi amepewa kiwango cha 3, amefikia matarajio. Mwende amepewa kiwango cha 2, bado anakaribia. Alama ni zile zile, kiwango tofauti! Nitasema ukweli, sikusikia uchungu, nilisikia raha. Nilijua nimempata.

Sikumuuliza mtu. Nilipiga picha karatasi na ripoti zote, nikatoa nakala thelathini. Siku ya mkutano wa wazazi nilizigawa kila benchi, kisha nikasimama. "Wazazi, jioneeni wenyewe. 31 ya mtoto wa mwalimu inakuwa tatu, 31 ya mtoto wangu inakuwa mbili. Hiyo maths ni ya wapi?" Wazazi walilipuka. Wifi alijaribu, "Hebu ngojeni, kuna project pia," lakini nani angemsikiliza? Yeye si mwalimu wa serikali, ameajiriwa na bodi ya shule, na wiki hiyo hiyo akaambiwa akae nyumbani mpaka bodi iamue. Nilichinja kuku siku hiyo na haikuwa Krismasi.

Baadaye mwalimu mkuu aliniita ofisini, akafungua faili. Akanieleza polepole kwamba siku hizi kiwango hakitoki kwa karatasi pekee, kinajumlishwa na kazi ya vitendo. Kazi yenyewe ilikuwa kupima kipande cha shamba nyumbani kwa kamba, kukichora na kutafuta eneo lake. Mchoro wa binti ya wifi ulikuwamo na vipimo vyote. Kwa Mwende palikuwa na sifuri. Akasema wifi alinitumia ujumbe mara mbili kunikumbusha, nami nilikuwa nimembloku. Jameni, sisi tulisoma wakati mtihani ni karatasi na namba ya darasa. Ningejuaje kamba nayo ni mtihani?

Nilipofika nyumbani nilimuuliza Mwende kwa ukali kwa nini hakufanya hiyo kazi. Kwetu mama ni mwaitu. Akanijibu, "Mwaitu, nilikuwa nimeshika kamba tayari. Ukasema hiyo ni michezo, niende nichume avokado, broker anakuja kununua." Ni kweli, nilisema hivyo.

Mwalimu mkuu anasema bodi inaogopa wazazi, haitaamua chochote kwa faili. Mimi niliyeanzisha maneno ndimi wa kuandika barua ya kuondoa malalamiko kabla ya Jumanne, siku bodi inakutana. Jana wifi mwenyewe alikuja, akaketi jikoni kwangu, macho yamevimba. "Mama Mwende, unataka nikufanyie nini ndio uandike?" Nikamwambia: Jumapili kanisani usimame mbele ya akina mama, urudie yale maneno ya Kitui, kisha uniombe msamaha. Ukishaketi nitakupa barua. Akafuta macho kwa leso, akasema, "Sawa." Hajui kwamba nimeonyeshwa faili. Anadhani bado naamini alimwibia mtoto wangu.

Jameni, naingoja hiyo Jumapili kwa hamu. Nimeshachagua hata nguo. Lakini Mwende alikuwa nje ya mlango akiosha sufuria, akasikia yote. Wifi alipoondoka aliingia akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama. "Mwaitu, aunty akisimama, na mimi nitasimama. Nitasema ni nani aliniambia niache ile kamba." Nilimtuma kuni ili atoke mbele yangu.

Leo ni Ijumaa. Barua nimeandika, bado sijatia sahihi. Aliniaibisha na hajawahi kusema pole, na hilo, faili haliwezi kulifuta. Msiniambie "samehe tu", hiyo mume wangu amenipigia simu kunihubiria. Niambieni kesho nifanye nini: nimpelekee barua bila kupata hata samahani moja, au nimwache asimame nimwone akilia kwanza, hata kama mtoto wangu atasimama baada yake?